Kutoka chunguni hadi ardhini, na kulaza mimea ya joto: bustani yetu katika baridi ya Minnesota

Majira yangu ya kwanza ya baridi Minnesota yaliniachia misiba mitatu. Asumini mbili niliziacha barazani usiku mmoja wa Oktoba. Asubuhi majani yake yalikuwa meusi na malaini kama mchicha uliopitiliza jikoni. Mkomamanga niliuwahi nikauingiza sebuleni, ukapukutisha majani, nikadhani una kiu, nikaunywesha kila siku mpaka mizizi ikaoza. Chungu kikubwa cha udongo nilikisahau nje na udongo wake umelowa. Maji yalipoganda yalitanuka, kikapasuka vipande vitatu.

Asumini ziliuawa na baridi, mkomamanga uliuawa na mkono wangu, na chungu kilinifundisha kwamba kilichomo ndani ya chungu huganda mapema kuliko kilichomo ardhini. Karibu kila mmea utakaoupoteza huku utakufa kwa mojawapo ya njia hizo, na ile ya pili ndiyo inayoua wengi zaidi. Haya niliyoyaandika ni ya Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake. Aliyeko Columbus au Toronto asogeze tarehe kwa wiki mbili tatu, na aliyeko London anaweza kusoma nusu yake tu, maana baridi ya huko ni ya kiungwana.

Ijue baridi ya mahali ulipo

Wizara ya Kilimo ya Marekani imeigawa nchi nzima kwa kanda za baridi, kwa kuangalia wastani wa usiku mmoja ulio mkali kuliko wote katika mwaka. Katika ramani ya 2023, sehemu kubwa ya Minneapolis na St. Paul iko kanda 5a, yaani usiku huo hushuka hadi nyuzi 26 au hata karibu 29 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Namba ikipungua, baridi inazidi. Ukinunua kichaka kitaluni, kibandiko chake kitataja kanda. Kilichoandikwa 4 au 3 kitavumilia hapa kikiwa ardhini. Neno la kushika ni hilo, kikiwa ardhini.

Mizizi haina ubavu wa matawi. Tawi la haidrenjia linaweza kukaa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri na machipukizi yakaja salama, lakini mizizi ya mmea huohuo ikipigwa na baridi hiyo inakufa. Ardhini haipigwi, kwa kuwa udongo ni blanketi na theluji juu yake ni blanketi la pili. Chunguni mizizi imezungukwa na hewa pande zote. Ndiyo maana wakulima wa huku hukushauri kutoa kanda mbili: ukitaka kichaka kipitishe majira ya baridi nje ndani ya chungu, kiwe cha kanda 3 au chini yake. Mimi huona ni kubahatisha. Nakipeleka ardhini.

Jalidi ya kwanza, ule umande unaoganda na kuunguza majani, mjini kwa kawaida huja mwanzoni mwa Oktoba, na vitongojini hutangulia siku kadhaa. Ya mwisho huondoka kati ya mwanzo na katikati ya Mei. Lakini baridi siyo adui pekee. Sisi tuliokulia karibu na ikweta hatukuwahi kufikiria kwamba mchana unaweza kupungua. Kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili. Hapa Minneapolis, tarehe 21 Desemba urefu wa mchana wote haufiki masaa tisa, na jua lenyewe linapita chini upande wa kusini kama mtu anayekwepa wadai. Mmea ulioko ndani ya nyumba yenye joto una baridi kidogo na njaa nyingi, na chakula chake ni mwanga.

Mwishoni mwa Agosti: gawa mafungu matatu

Zunguka bustani na daftari. Kila kilichomo chunguni kiingize katika fungu moja kati ya matatu.

Wenyeji ni vichaka vya nchi za baridi: haidrenjia, lailaki, spirea, bluberi, azalea za kundi la Northern Lights ambazo University of Minnesota ilianza kuzitoa 1978 kwa ajili ya baridi hii hii. Hao wanaingia ardhini na wanabaki huko.

Walalaji ni wale wanaoweza kupukutisha majani au kurudi kwenye kiazi chao, wakapitisha miezi mitano gizani bila kudai kitu. Humo wamo mkomamanga, mtini, boganvilia, dalia, kana, jereniamu na majimbi. Ndiyo, majimbi. Huku watu wanayapanda kwa ajili ya urembo wa majani, wanayaita masikio ya tembo, na jirani aliponiuliza kama nimewahi kuyaona nilimwambia nimeyala kwa nazi.

Wakeshaji hawana usingizi. Hibiskasi, asumini, mlimau, na mpilipili kama una nafasi. Hawa wanahitaji dirisha.

Ukosefu wa dirisha ndio unaoamua idadi ya fungu hili la tatu. Nyumba yangu ina dirisha moja la kusini. Nimejifunza kuwa na wakeshaji wanne, basi. Wa tano humdhuru wa kwanza.

Wenyeji: kuhamisha kutoka chunguni hadi ardhini

Majira ya kupanda ni mawili: kuanzia mwisho wa Aprili udongo unapokauka hadi Juni, na kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba. Napenda lile la pili. Hewa imepoa, majani hayadai maji mengi, na udongo bado una joto la kiangazi kwa hiyo mizizi inaendelea kukua wiki kadhaa. Isitoshe, vitalu vinauza vichaka kwa bei ya chini mwezi wa Septemba kwa sababu hawataki kuvilea majira ya baridi. Vichaka vya kijani mwaka mzima viwahi zaidi, visivuke katikati ya Septemba, maana majani yao yanapoteza maji hata theluji ikiwa chini.

Kabla ya kushika koleo piga simu namba 811. Ni bure, na Minnesota ni sheria kwa anayechimba. Watakuja kuweka bendera ndogo na rangi mahali palipopita nyaya na mabomba. Piga siku tatu nne kabla, usihesabu Jumamosi na Jumapili.

Chagua mahali ukifikiria Januari, siyo Agosti. Theluji ya paa itaporomokea wapi? Aliyeajiriwa kusafisha njia ya gari ataisukumia upande gani? Chumvi ya barabarani itaruka umbali gani? Nilipanda spirea nzuri pembeni mwa njia, ikazikwa na rundo la theluji chafu yenye chumvi, refu kuliko kimo changu. Ilipotokea Aprili nusu yake ilikuwa kuni.

Nywesha chungu vizuri jioni ya kuamkia siku ya kupanda. Tonge la udongo mkavu ukilizika linabaki kavu hata ukilimwagilia, kwani maji hupita pembeni.

Sasa shimo. Liwe na upana mara mbili hadi tatu ya chungu, lakini kina kisizidi urefu wa tonge la mizizi. Afadhali kipungue kidogo, sentimita mbili hivi. Watu wengi huchimba kisima chembamba kirefu, wakajaza mboji chini, wakaweka mmea juu. Mboji inaoza, inashuka, na kichaka kinazama nayo hadi shina linakuwa chini ya udongo. Mizizi mingi ya kichaka hutambaa pembeni, haiendi chini. Ipe upana.

Laza chungu ubavu, kigonge pande zote, vuta kwa shina la chini taratibu. Tazama unachokiona. Mizizi myeupe au ya rangi ya maziwa ina uhai. Iliyo kahawia, laini, yenye harufu ya kinamasi imeoza, ikate. Na mara nyingi utakuta jambo la tatu, mizizi imezunguka chungu kama kamba iliyokunjwa na baharia. Usionee huruma. Mizizi hiyo usipoikata itaendelea kuzunguka ardhini kama vile chungu bado kipo, na baada ya miaka michache mizizi minene italikaba shina. Chukua kisu au msumeno mdogo, chora mikato minne wima toka juu hadi chini, kina sentimita mbili hadi tatu, kisha toa tabaka lote la chini lililosokotana. Inaonekana ni ukatili. Kila mkato utatoa mizizi mipya inayotazama nje.

Halafu tafuta shingo ya mmea, pale shina linapopanuka kuwa mizizi. Mimea ya kitaluni huwa imefukiwa zaidi kila inapohamishwa chungu, kwa hiyo kwangua udongo wa juu kwa vidole hadi uione. Shingo hiyo ndiyo itakayokaa usawa wa ardhi. Weka mpini wa jembe juu ya shimo, mdomo kwa mdomo, upime.

Rudisha udongo uleule uliouchimba. Hili wengi hawaliamini, hata baba yangu kwa simu alinibishia, yeye aliyepanda migomba maisha yake yote kwa shimo la samadi. Kwa mgomba ana haki. Lakini kichaka cha miti kikiwekwa katika shimo lenye udongo mtamu, na pembeni mfinyanzi mgumu, mizizi haina sababu ya kutoka, na maji yanatuama humo kama kwenye bakuli. Vunja mabonge, jaza nusu, mwagia maji yajishindilie yenyewe, kisha jaza iliyobaki. Usikanyage kwa kisigino. Isipokuwa kwa azalea na bluberi: hizo zinataka udongo wenye asidi, na ule wa mjini hapa mara nyingi hauna. Pima kwanza, na kama hauna asidi, changanya piti (mboji ya kinamasi) na salfa kwenye eneo pana, tena miezi kadhaa kabla, au zipande kwenye tuta.

Maji ya kuanzia yapime kwa chungu ulichonunulia. Robo hadi theluthi ya ujazo wake inatosha kwa mara moja. Chungu cha galoni 3 ni lita tatu au nne hivi. Wiki mbili za mwanzo nywesha kila siku, ukimwaga juu ya tonge lenyewe maana mizizi bado haijatoka humo. Kisha kila baada ya siku mbili tatu hadi wiki ya 12. Kisha mara moja kwa wiki, ukiiachia mvua kazi yake. Na usiache mpaka ardhi igande. Huenda ikawa ni Novemba, mpira wa maji umekwisha kukunjwa na unapeleka ndoo kwa mkono umevaa koti. Kichaka kinachoingia katika majira ya baridi kikiwa na kiu ndicho hukauka Machi, na watu husema kimeuawa na theluji.

Tandaza vipande vya mti au magome, unene wa sentimita saba hadi kumi, duara pana. Acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina. Rundo lililopandishwa kwenye shina kama kichuguu huozesha gome na kuwakaribisha panya. Mbolea usitie mwaka huu.

Mwisho, zungushia wavu wa chuma wenye matundu madogo. Sungura wa Minnesota hula gome la vichaka majira yote ya baridi, na theluji inapopanda nao wanapanda juu yake. Wavu wa sentimita 60 unaotosha Novemba utakuwa kimo cha goti Februari. Weka wa sentimita 90 na uuzike chini kidogo.

Umechelewa, ni mwisho wa Oktoba na bado una kichaka chunguni? Usikiweke sebuleni, kinahitaji usingizi. Kizike na chungu chake katika bustani ya mboga hadi ukingoni, kifunike kwa majani makavu, ukihamishe vizuri Aprili. Ardhi ikiwa imeshaganda, gereji isiyo na joto iliyoungana na nyumba inafaa. Wakati wowote udongo unapoyeyuka, kipe kikombe cha maji.

Walalaji: gizani, pabaridi, pakavu

Besimenti, vyumba vya chini ya ardhi, za nyumba za zamani ndizo zilizojengwa kwa kazi hii, japo waliozijenga hawakujua. Msingi hapa mjini hushushwa inchi 42, kama mita moja na kidogo, ili upite kina cha ardhi inayoganda. Kwa hiyo kona ya besimenti iliyo mbali na tanuri la kupashia nyumba joto hukaa kati ya nyuzi 4 na 12 majira yote. Nunua kipimajoto cha bei ndogo ukiache humo siku mbili kabla ya kuamini kona yoyote. Kona niliyoiamini mimi ilikuwa na bomba la maji ya moto nyuma ya ukuta, na dalia zangu zikachipua Januari.

Mkomamanga na mtini viache nje hata baada ya usiku baridi kidogo. Vinapoona nyuzi moja mbili vinaelewa, vinaanza kupukutisha. Majani yakiisha, vipeleke gerejini au kona ya baridi, nyuzi 0 hadi 7. Giza siyo tatizo, mmea usio na majani hauna cha kulia mwanga. Maji ni kikombe kimoja kwa mwezi, udongo usiwe vumbi tu. Hapo ndipo niliposhindwa na ule wangu wa kwanza: uliniambia unalala, nikamwagia maji usoni.

Boganvilia iingize kabla ya jalidi. Punguza matawi theluthi moja, ukivaa glavu, kisha iweke pabaridi penye nyuzi 5 hadi 10. Itadondosha majani yote na kuonekana fimbo ya miiba. Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani, ina uhai.

Dalia na kana zisubiri jalidi ziungue. Majani yakishakuwa meusi kata mashina yabaki sentimita 10, chimba kwa uma wa bustani ukianzia mbali ili usichome viazi. Tikisa udongo, viache vikauke siku mbili tatu kivulini pasipoganda. Dalia zipange ndani ya sanduku la karatasi, tabaka la viazi, tabaka la maranda ya mbao au piti yenye unyevu mdogo sana, zisigusane. Nyuzi 4 hadi 10. Andika rangi juu ya kila kiazi kwa kalamu ya wino mzito. Utajiapiza utakumbuka na hutakumbuka. Kila mwezi fungua sanduku. Kilichooza kitupe kabla hakijaambukiza wenzake. Kilichosinyaa kama tende, nyunyiza maji kidogo.

Majimbi yanataka joto zaidi, nyuzi 10 hadi 15. Ukiyaweka na dalia yataoza. Mimi huyaweka kwenye kapu la matundu, ngazi ya juu ya besimenti, mahali ambapo kwetu tungetundika vitunguu.

Jereniamu nilifundishwa na bibi jirani ambaye amekuwa akifanya hivyo tangu akiwa binti: zing'oe chunguni kabla ya jalidi, kung'uta udongo wote, zitundike kichwa chini kwenye dari ya besimenti. Mara moja kwa mwezi loweka mizizi kwenye ndoo kwa saa moja au mbili, futa, rudisha juu. Nilidhani ananitania. Kati ya kumi husalia sita au saba, na Machi zinapandwa upya.

Wakeshaji: mgeni njoo, mwenyeji apone?

Tazama utabiri wa usiku, siyo wa mchana. Hibiskasi na asumini ziingie usiku unapoanza kugusa nyuzi 10 hadi 13 (kipimajoto cha ukutani kitasoma 50 hadi 55 kwa Fahrenheit), ambapo hapa ni katikati ya Septemba. Mlimau nao hapohapo. Wengi husubiri hadi taarifa ya jalidi. Mmea hauungui lakini unapata mshtuko wa kutoka kwenye nyuzi 4 kuingia kwenye nyumba ya nyuzi 21 yenye hewa kavu ya tanuri, na unatupa majani yote kwa juma moja.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa mimea ni kinyume, mgeni akiingia ovyo wenyeji wote wanaugua. Nje, vidukari na inzi weupe wanaliwa na wadudu wengine. Ndani hakuna wa kuwala. Kwa hiyo, wiki moja kabla, zamisha chungu kizima ndani ya ndoo ya maji ya vuguvugu kwa dakika 15; sisimizi, minyoo na jongoo watatoka wenyewe. Kiache kichuruzike. Osha majani kwa mpira wa maji, hasa upande wa chini. Nyunyizia sabuni ya kuua wadudu, rudia baada ya siku saba. Mafuta ya mwarobaini nayo yanafaa, na nilicheka nilipoyaona dukani kwenye chupa ndogo ya bei kubwa. Kisha mgeni akae chumba cha peke yake wiki mbili au tatu.

Wakati huohuo mzoeshe giza. Mhamishe toka juani hadi kivulini, siku saba hadi kumi, ndipo umwingize. Hata hivyo majani ya chini yatakuwa ya manjano na kuanguka. Mmea unapunguza walaji kwa kuwa chakula kimepungua. Usimwage maji, usitie mbolea. Acha.

Dirisha ni la kusini. Kama kioo chako kinaelekea kaskazini, nunua taa ya LED ya mimea, iwe sentimita 15 hadi 30 juu ya majani, iwake kwa muda wa masaa 12 hadi 14 kwa siku, na uifunge kwenye swichi yenye saa ili usiitegemee akili yako. Majani yasiguse kioo, usiku wa Januari kioo huunguza kama barafu.

Kwa maji, tia kidole hadi kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, nywesha mpaka maji yatoke chini, halafu mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Pakiwa na unyevu, ondoka. Kwa hibiskasi inaweza kuwa kila siku saba, kwa mlimau kila kumi, na Desemba itapungua zaidi. Ratiba ya kila Jumamosi usiwe nayo.

Hewa kavu humleta utitiri. Utaona madoa madogo ya manjano juu ya jani, na chini utando mwembamba kama wa buibui asiye na nguvu. Peleka mmea bafuni, uogeshe, rudia kila siku tano kwa mara tatu. Vidung'ata, vile vya pamba nyeupe kwenye makutano ya majani, vipanguse kwa pamba iliyochovywa spiriti.

Mchaichai uko katikati. Nje unakuwa kichaka cha kimo cha kiuno. Usijaribu kuuingiza wote. Ufyeke hadi sentimita 10 au 15, chimbua, gawa mashina sita au manane yenye mizizi, yapande kwenye chungu kidogo dirishani. Majani uliyoyafyeka yakaushe, ni chai ya majira yote. Mpilipili nao ufyeke uache mifupa tu, upunguze mizizi, uweke pa nyuzi 10 hadi 13 penye mwanga kiasi. Mwaka wa pili huzaa mapema kuliko mche wa mbegu kwa sababu shina lipo tayari. Mrehani usihangaike nao, panda mbegu upya.

Asumini ndiyo ninayoihangaikia kuliko zote, kwa ajili ya vikuba. Isishuke chini ya nyuzi 10, ipate dirisha bora, na Februari, kabla haijaanza kukua, ipunguzwe, maana maua hutoka kwenye matawi mapya. Kama huna, nunua kwenye vitalu vya hukuhuku kwa jina la Jasminum sambac. Usifiche kijiti kwenye sanduku ukitoka nyumbani. Mmea wa kupanda hauruhusiwi kuingia bila cheti cha afya kutoka nchi ulikotoka, na watakunyang'anya pale uwanjani na pengine wakutoze faini.

Machi hadi Mei: kuamsha na kutoa nje

Katikati ya Machi mchana na usiku vinalingana, na mimea inajua kabla yako. Hapo toa walalaji gizani, uwaweke penye mwanga hafifu na joto kidogo, na uongeze maji taratibu kadiri machipukizi yanavyotoka. Kata matawi yaliyokufa hadi ufike kwenye kijani.

Ndio wakati wa kubadilisha vyungu pia. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita tatu hadi tano za upana, si zaidi. Chungu kikubwa mno hushika maji ambayo mizizi haiwezi kuyafikia. Kama hutaki kiwe kikubwa, toa mmea, kata robo ya mizizi ya nje, urudishe mulemule na udongo mpya. Udongo wa bustani usitumie chunguni, unashindiliwa kama tofali. Changanya piti au makumbi ya nazi yaliyosagwa na perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi za mwamba. Makumbi hayo ni yale yale tunayosokotea kamba. Huku yanauzwa yakiwa matofali makavu, ukiloweka moja linajaza ndoo. Kokoto chini ya chungu usiweke, hazisaidii maji kutoka. Kinachosaidia ni tundu.

Dalia zianze chunguni katikati ya Aprili ukitaka maua mapema, majimbi yaanze mapema zaidi, mwisho wa Machi, juu ya friji au mahali penye joto, maana ni mazito kuamka. Nusura niyatupe mwaka wa kwanza. Yalikaa wiki sita bila dalili.

Watu wa Minnesota hupanda mboga na maua ya kawaida Siku ya Kina Mama, Jumapili ya pili ya Mei. Mimea yetu isubiri Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya mwezi huohuo. Lakini mazoezi yaanze siku kumi kabla: siku ya kwanza saa moja kivulini, siku ya pili mbili, kisha jua la asubuhi, kisha nusu siku. Jani lililoota dirishani halijawahi kuliona jua lenyewe. Ukilitoa mchana kutwa siku ya kwanza litababuka na kuwa jeupe, na doa hilo haliponi. Upepo nao ukwepe siku za mwanzo.

Mbolea ianze hapo, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Na weka toroli karibu na mlango hadi wiki ya kwanza ya Juni: utabiri ukisema usiku utashuka chini ya nyuzi 10, asumini na hibiskasi zinalala ndani usiku huo, boganvilia inaweza kubaki.